Bahari ya Turubai, Kibaigwa

Ninyi vijana mnaokuja kila Jumamosi kuniazima kiti cha studio mkapigie maharusi picha kwa simu, leo kiti hakitoki mpaka mnisikilize. Kaeni. Aliyesimama mlangoni anaziba mwanga, na mwanga hapa ndio uliotulisha miaka yote. Mnaniita bibi nami naitika, ila watu wa rika langu hapa Kibaigwa bado wananiita Mama Picha. Jina hilo nililipata kwa jasho, na siku moja lilitaka kunitoa machozi.

Kazi nilijifunza Dodoma mjini kwa mume wa shangazi yangu, Mzee Damiani. Huyu alikuwa mpiga picha mzuri na bahili wa kutisha. Siku zile mkanda wa kamera ulipatikana kwa kujuana, kama sukari, hivyo kila picha aliyopiga ilimuuma. Watu nao, hasa waliotoka vijijini, wakiiona kamera walikaza shingo na kutoa macho. Kwa hiyo Mzee Damiani akabuni kitu alichokiita picha hewa. Aliwapiga kwanza na kamera isiyo na mkanda, kacha, kacha, mpaka mabega yakashuka na watu wakaanza kuteta wao kwa wao. Hapo ndipo alipoweka mkanda na kuanza kazi.

Sasa, kuna harusi moja kijijini Mlali alipiga yote hewa. Yote! Tangu kanisani mpaka kucheza, mzee wa watu aliinama, akapiga magoti, akapanda juu ya meza, na mkanda umelala mfukoni mwa koti. Tulipofika nyumbani akafungua kamera, akaniambia nisimwambie shangazi. Kesho yake tukarudi Mlali. Akawatangazia kwa uso mkavu kwamba picha zimetoka safi, tatizo mama mkwe amefumba macho katika kila moja, na haifai kuweka aibu hiyo ukutani. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa upya. Shida ikawa keki, maana ilishaliwa. Wanawake wakasonga ugali wa sembe mgumu, wakaukandamiza kwenye sufuria, wakaupindua juu ya sinia na kuuzungushia maua. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mle ndani ule ugali ulipendeza kuliko keki yenyewe. Bado wanayo ukutani, na wageni huuliza keki ile ilipikwa na nani.

Msicheke mkasahau la maana. Mtu aliyekaza shingo usimwambie atabasamu, utamharibu kabisa. Mpe kitu cha kufikiri. Hapa Kibaigwa mimi niliwauliza bei ya gunia.

Huku nilihamia wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru na soko la mahindi likachangamka. Kabla ya hapo mtu kusafirisha mahindi yake ilikuwa kujitafutia kesi. Ghafla kila mmoja akawa mfanyabiashara. Malori yalipanga foleni barabarani, madalali walipiga kelele kutwa, na kila baada ya mavuno watu walioa kwa fujo. Mikanda ya rangi ikajaa madukani. Mashela yakaja kwenye marobota ya mitumba, nami nikanunua moja zuri la kukodisha, lenye mkia mrefu. Tena zikaja kalenda za ng'ambo, zilizoning'inizwa kila duka. Moja ilikuwa na mzungu na mkewe wamesimama ufukweni, jua kubwa jekundu linazama baharini nyuma yao. Kalenda hiyo ndiyo iliyoniletea Salimu.

Salimu alikuwa dalali wa mahindi, Mrangi wa Kondoa, mwenye sauti ya kuuzia gunia bovu likanunuliwa kwa shukrani. Alikuwa anamwoa Rehema, mwalimu wa shule ya msingi hapa, binti wa Pangani. Rehema alilelewa na bibi yake, Bi Mwanaidi, tangu mama yake alipofariki. Bibi alikuwa ameridhia ndoa ifungwe huku, kwa baba mdogo wa Rehema aliyekuwa akifanya kazi Kibaigwa, na yeye asihudhurie, kwa sababu miguu yake haikubeba tena safari. Alichoomba ni kimoja tu, aletewe picha, aione kwa macho yake siku ambayo hakuweza kuifikia.

Salimu akaja studio na kalenda mkononi. Ameing'oa dukani, msumari bado unaning'inia.

"Mama Picha, nataka hii. Jua, bahari, vyote. Nimpelekee bibi yetu kitu cha kwao."

"Bahari nitaitoa wapi, Salimu? Hapo Mbande kwenye vumbi?"

"Mimi nitajuaje? Fundi ni wewe."

Akaondoka. Madalali ndivyo walivyo, wakishakubaliana na nafsi zao biashara imekwisha.

Nikafikiri usiku na mchana. Nje kidogo ya mji kuna korongo, mto wa mchanga mtupu kiangazi chote, mpana, mweupe, umenyooka kuelekea magharibi. Jioni jua hushuka katikati yake. Mchanga ninao, nikajiambia, na jua ninalo, tena la kwetu ni kubwa na jekundu kwa sababu ya vumbi. Kilichopungua ni maji. Ndipo nikawaona vijana wa soko wanakunja turubai la lori.

Sikilizeni namna ya kutengeneza bahari. Turubai linatandazwa mchangani, kingo zake zinafukiwa ili zisionekane. Unamwaga maji ya madebe, kina cha kidole tu kinatosha. Maharusi wanasimama mbele ya maji, jua nyuma yao. Halafu wewe unalala kifudifudi, kamera karibu iguse mchanga, na ukichungulia hivyo yale maji machache yanatanda mpaka mwisho wa dunia. Mimi nililala hivyo mbele ya mashemeji wote, kanga nimefunga kibwebwe, na waliotaka kucheka wakacheka. Kisha kuna suala la mwanga. Kamera ikitazamana na jua inaona jua peke yake, na maharusi wanatoka weusi tititi. Pima mwanga angani, pembeni mwa jua, halafu wamulike maharusi kwa flashi uliyoifunika kitambaa cheupe cha mkononi. Kitambaa kinaituliza, nyuso zinatoka laini. Hilo simu yenu hailijui, inabahatisha tu.

Ilikuwa jioni ya siku yenyewe ya harusi, ndoa imefungwa baada ya adhuhuri. Salimu amekaza shingo. Nikamuuliza gunia leo linakwendaje, akaanza kunieleza, akasahau kamera, nami nikapiga. Nilikuwa nimepata chache tu nzuri niliposikia kengele. Ng'ombe! Kundi zima linarudi nyumbani, limenusa maji. Kabla sijaamka chini wameingia baharini, wanaifyonza. Mchungaji, mzee wa Kigogo mwenye fimbo begani, alisimama akaniangalia kwa huruma nyingi.

"Mama, asante kunywesha ng'ombe yangu," akasema. "Kesho tena?"

Rehema alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Na bahari ikaishia pale.

Mkanda ulikwenda kusafishwa Dar es Salaam, ukarudi na ajabu. Jamani, ilikuwa bahari! Mawimbi hakuna, lakini bahari inayometa, na jua limekaa juu ya maji kati ya vichwa viwili. Nilijisifu wiki nzima. Rehema alipoiona alishika mdomo, akasema, "Mama Picha, kwetu jua halizami hivi." Hakufafanua, akacheka. Aliona ni kichekesho kizuri, bibi atagundua ujanja na kufurahi. Akampa kondakta wa basi aipeleke, bila neno la maelezo.

Zikapita wiki kadhaa. Asubuhi moja nimefungua dirisha la studio, naona mama mtu mzima ameteremshwa kwenye basi, buibui limejaa vumbi, fimbo mkononi, mfuko wa nazi begani mwa utingo anayemfuata. Hakuuliza mwalimu anakaa wapi. Aliuliza studio.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Picha? Nimesoma muhuri wako nyuma ya picha."

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Hakukaa. Akafungua pindo la kanga, akaiweka picha yangu mezani.

"Hii uliipigia wapi?"

Nikavimba kichwa. "Hapa hapa, mama."

Akageuka, akatazama nje. Malori, magunia, mbuzi anakula boksi, vumbi.

"Ala! Bahari yenu mchana mnaifungia wapi?"

 Akaendelea, na sasa sauti haikuwa ya utani.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Pangani, nimezeekea Pangani. Jua huchomoza baharini, huzama bara. Sijaliona likikosea njia hata siku moja. Picha hii ni ya alfajiri. Sasa nielewe. Kama ni alfajiri ya kabla ya kuozeshwa, mjukuu wangu alikuwa na mwanamume ufukweni bila ndoa. Kama ni alfajiri ya baada, bibi harusi ametolewa nje fungate haijaisha, na mimi ndiye kungwi wake niliyemfunda. Nichagulie wewe, aibu gani nafuu?"

 Kwetu bara jua linazama linapozama, palipo na maji au pasipo. Halikunijia hata mara moja kwamba kuna watu ambao jua juu ya bahari kwao maana yake ni asubuhi, na kwamba asubuhi ile bibi harusi anatakiwa awe ndani. Naye alikuwa ameitembeza picha mtaa mzima kwa furaha, mpaka jirani mmoja mwenye macho makali akaishika, akaiinua kwenye mwanga na kuuliza, "Mwali wako anatafuta nini pwani saa hizi?" Tangu hapo Bi Mwanaidi hakutoka tena kukaa barazani.

Nilianza kumweleza habari ya turubai. Akanikatiza.

"Maneno ya watu nitayameza, nimemeza mengi. Lakini alifika pwani, Mama Picha. Alifika mpaka majini, mumewe pembeni. Miguu yangu anaijua, hata huku imenileta hasira tu. Alishindwa kunipitia?"

 Hapo nilijisikia vibaya sana. Ile bahari niliyojisifia imemwambia mwanamke mzee kwamba mtoto aliyemlea amepita mlango wake bila kubisha hodi.

Nikamtuma mtu shuleni. Rehema alikuja mbio, chaki bado mikononi, akapiga magoti. "Shikamoo bibi!" Bi Mwanaidi akatazama ukutani. Hakuitikia. Ninyi wa siku hizi mnasalimiana kwa kidole gumba, hamjui shikamoo isiyoitikiwa ina uzito gani. Rehema alirudia mara ya pili, sauti imeanza kukatika, na bibi akaninong'onezea mimi, ati mimi, nimwulizie basi la kurudi linapita saa ngapi. Anaondoka na mjukuu wake kesho, akakae kwao mpaka wazee wa pande mbili wakutane.

Salimu naye akafika. Sauti ile ya kuuzia gunia bovu siku hiyo haikumsaidia. Alisema tu, "Bibi, wallahi hatukufika pwani," na bibi akamjibu kwamba picha haisemi uongo. Picha haisemi uongo! Mimi niliyekuwa nimelala kwa tumbo mchangani kuutengeneza huo uongo, nikatamani kujificha chini ya meza.

"Mama," nikasema, "nipe jioni ya leo tu. Usiponiamini, nauli ya basi natoa mimi."

Akanitazama. "Turubai," akasema, kama mtu anayerudia jina la mwizi. Lakini akakubali.

Tulimpakia kwenye pikapu ya soko, amekalia magunia matupu, hasemi na mtu. Korongoni tukamweka kwenye kiti. Salimu na Rehema wakatandaza turubai, wakafukia kingo, wakamwaga madebe. Nilikuwa nimeshamtumia salamu yule mchungaji apitishe ng'ombe njia nyingine. Bibi alikuwa anatazama kila kitu, fimbo kati ya magoti. Alipoona maji yametuama kwenye turubai la kubebea mahindi, lenye viraka, akasonya.

"Hii ndiyo bahari?"

"Bado, mama. Subiri jua."

Jua likashuka. Nikalala chini, nikapanga kamera, kisha nikamwomba ainame achungulie. Kwa miguu ile haikuwezekana. Basi Salimu akamwomba radhi, akambeba kama mtoto, akamkalisha mchangani, na Rehema akamshikilia mgongo. Bi Mwanaidi akaweka jicho kwenye kamera.  Kunguru wakapita. Akaondoa jicho, akatazama viraka vya turubai. Akarudisha jicho. Akaondoa tena.

"Ah! Nyie watu wa bara!" akapiga ukelele. "Bahari ya kuloweka nguo!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akakohoa, akapigwa mgongo, akaanza upya. Sisi wote tukacheka naye, Salimu kwa sauti kuliko wote kwa sababu ndiye aliyekuwa amebanwa kuliko wote. Halafu katikati ya kicheko kile kile bibi akaanza kulia, amemshika Rehema mkono.

"Basi hukunipita."

"Nitakupitaje, bibi? Nikipita pwani nitapitia wapi kama si kwako?"

"Marahaba," akasema Bi Mwanaidi. Ilikuwa imechelewa tangu asubuhi. Nami nililia, sina sababu ya kuwaficha, nimelala pale pale kwenye mchanga.

Hapa ndipo mnapotakiwa kufungua masikio. Kabla hujainua kamera, uliza picha inakwenda kwa nani. Ninyi mnatazama aliyesimama mbele yenu tu. Kuna mtu mwingine mbali ambaye hayupo, naye ataiangalia mara nyingi kuliko hao maharusi, na ataisoma kwa desturi ya kwao, si kwa yako. Baada ya siku ile sikumpiga mtu picha bila kuuliza hilo. Aliyepeleka picha Pangani nilimwambia jua likae wapi, aliyepeleka Kondoa vilevile.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikaanza kukunja turubai. Bi Mwanaidi akagonga fimbo.

"Acha hapo. Na jirani yangu je?"

Tukatazamana. Kweli, Pangani bado walikuwa na picha yao vichwani.

"Tutamweleza, bibi," akasema Rehema. "Utamwambia ni turubai."

"Nirudi kwetu niseme mjukuu wangu ameolewa juu ya turubai la mahindi? Thubutu!" Akafikiri, macho yameanza kung'aa kwa ujanja. "Lile shela bado lipo, Mama Picha?"

Lilikuwepo. Kesho yake jioni tulirudi korongoni wote. Shela lilikataa kufunga mgongoni, maana ndoa ilikuwa imemkubali Rehema. Nikalibana kwa pini, na bibi akaziona zile pini, akasema "Mh," akawa mpole ghafla, akamwambia Salimu ashike madebe yote mwenyewe, mwali asiinue tena kitu kizito. Yeye alikuwa amevaa kanga mpya na miwani ya kuazima kwa mwenye duka. Nikamweka kiti pembeni, upande wenye mwanga mzuri. Akakikataa.

"Katikati," akasema. "Mmoja huku, mmoja huku. Nani ataniuliza tena alfajiri mwali alikuwa na nani? Alikuwa na bibi yake. Na nani atasema alifika pwani akanipita?"

Nikahamishia kiti katikati, mbele kidogo ya maji, nikamwinua Salimu kidevu, nikamsogeza Rehema ashike bega la bibi. Nikafunika flashi kitambaa. Nikalala kifudifudi. Mle ndani ya kamera bahari ikatanda nyuma yao watatu, nyekundu, imetulia, na sijawahi kupanga picha nzuri kuliko ile. Nilipokuwa nakaribia kubonyeza, Bi Mwanaidi akainua kidole.

"Mama Picha."

"Naam, mama."

"Jua hilo linafanya nini?"

Nikalichungulia. Lilikuwa limebaki nusu, linadidimia mbele ya macho yangu.

"Linazama, mama."

"Tazama vizuri."

Salimu akang'ata mdomo. Rehema akainamisha uso kwenye bega la bibi yake. Mchungaji, ambaye safari hii alikuja bila ng'ombe kutazama tu, akaegemea fimbo yake asubiri nitajibu nini.

"Linachomoza, mama," nikasema.

"Ehee," akasema Bi Mwanaidi, akanyoosha mgongo. "Sasa piga."